Kura 4,508: wanablogu wa South Dakota na kuanguka kwa Tom Daschle

Tarehe 2 Novemba 2004 Tom Daschle aliamka akiwa kiongozi wa Wademokrati katika Seneti ya Marekani. Kesho yake kiti hakipo. John Thune wa Republican alipata kura 197,848, Daschle 193,340. Tofauti ni kura 4,508 kati ya 391,188. Ukizigawa kwa kaunti 66 za South Dakota unapata kura 68 kwa kila kaunti, maana yake watu 35 hivi katika kila kaunti wangegeuka, na matokeo yangegeuka. Kiongozi wa chama katika Seneti hakuwa ameangushwa na watu wa jimbo lake tangu mwaka 1952, Barry Goldwater alipomng'oa Ernest McFarland kule Arizona.

Mwezi mmoja baadaye habari nyingine ikaenea nchi nzima. Wanablogu wawili waliokuwa wakimshambulia Daschle, pamoja na gazeti kubwa la jimbo, walikuwa wamelipwa na kampeni ya Thune. Jon Lauck alipata dola 27,000 na Jason Van Beek dola 8,000.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kwa njia mbili. Wahafidhina husema blogu zilimwangusha kigogo. Wapinzani wao husema kilichofanyika ni propaganda ya kulipiwa iliyovaa kanzu ya mwananchi wa kawaida. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, ila wote wanapita kando ya jambo kuu: blogu zile hazikuandikwa kwa ajili ya mpiga kura. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa chumba cha habari kimoja, katika mji mmoja.

Jimbo lenye gazeti moja

South Dakota ni jimbo pana lenye watu wachache. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu 754,844. Mto Missouri unalikata katikati, na wenyeji husema "mashariki ya mto" na "magharibi ya mto" kana kwamba ni nchi mbili: mashariki ni wakulima wa mahindi na soya, na mji mkubwa wa Sioux Falls, magharibi ni wafugaji, Rapid City na milima ya Black Hills. Kwa urais jimbo hili ni la Republican. Mwaka huo wa 2004 George W. Bush alipata karibu asilimia 60 ya kura zake.

Sasa mtu atauliza: jimbo la namna hiyo lilimwekaje Mdemokrati Seneti tangu 1986? Daschle alishinda kwa kujitambulisha kama kijana wa nyumbani. Tangazo lake la 1986 lilimwonyesha akiendesha Pontiac kuukuu mjini Washington, gari lililochakaa, mtu asiye na makuu. Alizunguka kaunti moja moja, akawaletea wakulima ruzuku na miradi. Wapiga kura wengi waliompigia yeye walimpigia pia rais wa Republican siku hiyohiyo, wala hawakuona mgongano.

Siasa hiyo ya sura mbili hudumu maadamu watu wa nyumbani hawaioni sura ya Washington kila siku. Na kilichoamua waone nini, kwa sehemu kubwa, kilikuwa gazeti la Argus Leader la Sioux Falls, mali ya kampuni ya Gannett, kubwa kuliko magazeti yote ya jimbo. Katika jimbo dogo, redio, televisheni na magazeti ya miji midogo hufuata kilichotangulia kwenye gazeti kubwa. Mwandishi wake wa siasa, David Kranz, alikuwa na uzoefu wa miaka mingi na alijuana na kila mwanasiasa wa jimbo.

Warepublican walikuwa na donda pia. Mwaka 2002 Thune aligombea kiti cha pili cha Seneti dhidi ya Tim Johnson, akashindwa kwa kura 524 tu. Hakudai kuhesabiwa upya. Wafuasi wake walibaki wakiamini kwamba gazeti liliwaonea, na imani hiyo ndiyo iliyozaa blogu. Fedha zilikuja nyuma yake.

Mtambo ulivyofanya kazi

Van Beek, mwanafunzi wa sheria, alikuwa na blogu iliyoitwa South Dakota Politics. Lauck, mwanasheria na mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la South Dakota mjini Brookings, alifungua Daschle v. Thune. Wengine wakajiunga hadi kundi likafika wanablogu tisa, wakajiita Dakota Blog Alliance. Gharama ya vifaa ilikuwa karibu na bure. Blogu ya Lauck ilikaa TypePad, huduma iliyotoza chini ya dola 15 kwa mwezi hata kwa kifurushi cha juu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha zaidi kuliko watu wanavyodhani. Msingi wake ni kulinganisha. Unachukua habari ya Argus Leader ya asubuhi, unaiweka kando ya taarifa ya shirika la habari la Associated Press kuhusu tukio hilohilo, kando ya nakala kamili ya hotuba, kando ya gazeti la Washington. Unatafuta sentensi iliyokatwa. Daschle akisema jambo kali juu ya Bush katika Seneti, je, gazeti la nyumbani limelichapisha? Akisema laini huko Aberdeen, mji wa kwao, je, limekumbusha alichosema wiki iliyopita? Kisha unaandika aya tatu au nne, unaweka vipande viwili ubavu kwa ubavu, unaweka linki kwa kila kimoja, unachapisha kabla ya saa sita mchana. Kesho unarudia.

Mtaalamu wa historia ana faida hapa ambayo mpiga debe hana: anajua njia za kwenye makabati ya nyaraka. Makala za magazeti ya zamani, barua, kumbukumbu za chuo, vyote vilichimbwa. Miongoni mwa vilivyochapishwa ni kwamba Kranz na Daschle walifahamiana tangu walipokuwa wanafunzi wa chuo kilekile cha Brookings. Kwa jimbo lenye watu laki saba na nusu, kufahamiana tangu chuoni si ajabu, na peke yake hakuthibitishi upendeleo wowote. Lakini msomaji wa gazeti hakuwa ameambiwa, na wanablogu walilipigia ngoma jambo hilo wiki baada ya wiki.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kupaza sauti. Blogu ya jimbo ina wasomaji mamia, pengine maelfu machache siku nzuri. Blogu za kitaifa za wahafidhina, kama Power Line na Instapundit, zilikuwa na wasomaji wengi mno kuliko hao. Na John Hinderaker, mmoja wa waandishi wa Power Line, ni mzaliwa wa Watertown, South Dakota; hakuhitaji kufundishwa Argus Leader ni nini. Linki moja kutoka huko ilileta wimbi la wasomaji kutoka nje ya jimbo. Hawa hawakuwa na kura South Dakota, lakini walikuwa na kalamu, vipindi vya redio na pochi za kuchangia. Mwandishi wa Talon News, tovuti ya habari ya wahafidhina, aliyetumia jina la Jeff Gannon naye alilishika suala la Daschle na gazeti hilo. Februari 2005 ilipobainika kwamba jina hilo ni la kubuni, aliacha kazi huko, na waliokuwa wamemnukuu kwa furaha wakanyamaza. Hiyo ni hatari ya mnyororo wa linki: uzito wa pete dhaifu unaubeba wewe.

Septemba 2004 upepo ukawageukia vizuri. CBS ilitangaza nyaraka kuhusu utumishi wa kijeshi wa Bush, wanablogu wakahoji mpangilio wa herufi zake, na CBS ikalazimika kukiri kwamba haiwezi kuthibitisha uhalisi wake. Power Line ilikuwa mstari wa mbele. Kuanzia hapo hakuna mhariri Marekani aliyeweza kusema blogu ni kelele za watu wasio na kazi, na mwandishi wa Sioux Falls aliyekuwa akiandamwa kila asubuhi alijua kwamba wanaomwandama wana jamaa wenye nguvu.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Randell Beck, mhariri mtendaji wa Argus Leader, alijibu hadharani gazetini. Kwa mtazamo wa kampeni ya Thune hiyo ilikuwa zawadi. Msomaji wa kaunti ya mbali ambaye hakuwahi kufungua blogu maishani mwake sasa alijua zipo na zinasema nini. Muhimu zaidi, mhariri anayejibu ni mhariri anayesoma. Akishasoma, kila anapopanga ukurasa wa mbele atajiuliza: hii nikiiacha, kesho wataniandikaje? Mwamuzi wa mpira anayezomewa tangu dakika ya kwanza hahitaji kuhongwa. Dakika ya 80 atafikiri mara mbili kabla ya kupuliza.

Nyumba ya dola milioni 1.9

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa nyumba. Mwaka 2003 Daschle na mkewe walinunua nyumba Washington kwa dola milioni 1.9. Mji wa Washington hutoa punguzo la kodi ya majengo kwa mtu ambaye nyumba hiyo ni makazi yake makuu, na ili kulipata unajaza fomu ukitamka hivyo. Daschle aliomba punguzo hilo. Fedha yenyewe ilikuwa dola mia chache tu kwa mwaka.

Kwa mwanasiasa aliyejijengea jina kwa Pontiac kuukuu, fomu ile ilikuwa moto kwenye nyasi kavu. Tazama ubora wake kama silaha. Ni hati ya serikali, haibishaniki. Iko katika kumbukumbu za umma, yeyote anaweza kuithibitisha. Ina neno moja linaloeleweka na kila mtu, "makazi". Na inagonga palepale penye msingi wa siasa ya mlengwa. Wanablogu waliilea habari hiyo, wakaikuza, hadi ikaingia katika mabishano makuu ya wiki za mwisho.

Wanaotaka kuiga South Dakota hukosea hapa. Huona matokeo, hawaoni aina ya hoja. Hoja nyingi za blogu zile zilikufa kifo cha kimya: malalamiko juu ya vichwa vya habari, juu ya picha iliyochaguliwa, juu ya nani kanukuliwa aya ya ngapi. Hayo yalimchosha mhariri, kweli, lakini hayakumfikia mkulima. Iliyofika ni ile yenye hati.

Pesa, na nani alijua

Turudi kwenye dola 35,000. Wagombea wawili kwa pamoja walitumia zaidi ya dola milioni 30, yaani zaidi ya dola 75 kwa kila kura iliyopigwa. Thune peke yake alitumia zaidi ya milioni 14. Malipo ya wanablogu wawili hayakufika hata theluthi ya asilimia moja ya fedha hiyo. Kwa bei ya matangazo ya televisheni ya kampeni ile, ni tone.

Malipo yenyewe hayakuwa haramu. Sheria ya shirikisho inaitaka kampeni iorodheshe kila mtu au kampuni iliyolipwa zaidi ya dola 200 katika mzunguko wa uchaguzi: jina, anuani, tarehe, kiasi na kusudi. Kampeni iliwaandika wote wawili. Kampeni ingeweza kuilipa kampuni ya ushauri, na kampuni ndiyo iwalipe wanablogu; hapo hesabu zingeonyesha jina la kampuni na basi. Kwa hiyo kwa kipimo cha vitabu vya hesabu, Thune alikuwa wazi kuliko wengi waliofuata.

Tatizo lilikuwa upande wa msomaji. Aliyefungua blogu alidhani anasoma mwalimu wa historia na kijana wa sheria wanaosema yao. Ilipojulikana, watetezi wao walisema hawa walikuwa wanaandika hivyo kabla ya kulipwa, na wangeandika hivyo hata bila senti. Inawezekana kabisa ni kweli. Lakini jibu hilo halijibu swali. Mtu aliyemshambulia mwandishi wa gazeti kwa kutotaja urafiki wake na mgombea hawezi kulalamika akiulizwa mbona naye hakuutundika mshahara wake mahali panapoonekana. Kwa lugha ya mitaani ya Dar es Salaam angeitwa chawa, na lingekuwa jina la haraka mno: chawa husifia tu, ilhali hawa walikuwa na utafiti. Utafiti wa kweli uliolipiwa bado ni wa kweli, ila msomaji ana haki ya kuupima kwa mizani nyingine.

Upande wa pili haukuwa msafi wala mchafu kuliko huu. Mwaka 2003 kampeni ya Howard Dean, Mdemokrati aliyetaka urais, iliwalipa Markos Moulitsas wa blogu ya Daily Kos na Jerome Armstrong kama washauri. Moulitsas aliweka tangazo kwenye ukurasa wake kwamba anafanya kazi kwa Dean. Mstari mmoja. Mjadala ulipoibuka Januari 2005, mstari huo ndio uliomwokoa.

Van Beek baadaye aliajiriwa katika ofisi ya Seneta Thune. Lauck aliandika kitabu kizima juu ya uchaguzi huo. Hayo yote yalifanyika hadharani.

Blogu zilileta kura ngapi?

Hakuna anayeweza kuhesabu, na anayekupa namba anakuuzia kitu. Ila yapo mambo ya kupima uzito.

La kwanza ni Bush. Mgombea wa Republican kwenye karatasi ileile ya kura akishinda kwa zaidi ya pointi 20, Mdemokrati yeyote anapanda mlima. Lakini Bush hatoshi. Siku hiyohiyo wapiga kura walewale walimrudisha Mdemokrati Stephanie Herseth katika Baraza la Wawakilishi kwa asilimia 53 hivi. Maelfu ya watu walimchagua Bush, wakamchagua Herseth, na katikati wakamruka Daschle. Hao ndio wa kuchunguzwa. Hawakuwa wanakataa chama, walikuwa wanamkataa mtu, na hoja iliyomtofautisha Daschle na Herseth ni ileile ya sura mbili: huyu amekuwa wa Washington.

La pili ni kwamba hoja hiyo haikuhitaji blogu ili iwepo. Thune aliirudia kwenye televisheni kila siku. Bill Frist, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, alifika South Dakota mwezi Mei kumpigia kampeni, jambo lililovunja desturi ya viongozi wa Seneti kutokwenda kupigana nyumbani kwa wenzao. Suala la mahakama nalo lilikuwepo: Daschle akiwa kiongozi alizuia majaji kadhaa wa Bush, na wahafidhina wa kidini walilikumbuka hilo makanisani.

La tatu linakwenda upande mwingine. Blogu zililisha matangazo hayo. Mtu wa utafiti wa kampeni hufanya kazi kimya, akipata kitu hukiweka kabatini hadi wakati wake. Blogu ilikuwa jiko la majaribio: hoja inatupwa nje leo, jioni unaona nani ameidaka, upande wa pili umejibu nini, hati ipi imekosewa. Inayoiva inakwenda televisheni. Iliyoungua imeunguza blogu, haijamuunguza mgombea. Kwa dola 35,000 hakuna kampeni iliyowahi kununua jiko la bei rahisi namna hiyo.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: kura 4,508 ni chache kiasi kwamba karibu kila kitu kinaweza kudai kuwa ndicho kilichoamua, na blogu zina haki ya kukaa kwenye foleni hiyo, si mwisho wala si mwanzo.

Sheria ilivyopita kando

Sheria ya fedha za kampeni ya 2002, maarufu kwa majina ya maseneta McCain na Feingold, iliweka masharti juu ya "mawasiliano kwa umma". Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi ilipoandika kanuni iliiacha intaneti nje kabisa. Septemba 2004, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Daschle, Jaji Colleen Kollar-Kotelly wa mahakama ya shirikisho Washington aliamua katika kesi ya mbunge Christopher Shays dhidi ya Tume kwamba kuiacha intaneti yote nje ni kinyume cha sheria. Tume ikalazimika kuandika upya. Machi 2005 kamishna Bradley Smith alionya kwamba hata linki ya mwanablogu inaweza kuhesabiwa kama mchango kwa mgombea, na kulia na kushoto wakashikana mikono kupinga. Ni mara chache wahafidhina wa Power Line na waliberali wa Daily Kos kuwa chumba kimoja.

Tarehe 27 Machi 2006 makamishna sita wote walipitisha kanuni. Kinachohesabiwa ni tangazo lililowekwa kwa malipo kwenye tovuti ya mtu mwingine. Mtu binafsi anayeandika bila kulipwa, kwa kompyuta yake au ya kukopa, yuko huru. Blogu inaweza kupata msamaha uleule wa vyombo vya habari, ambavyo habari na maoni yake hayahesabiwi kuwa mchango. Na yule anayelipwa na kampeni? Kampeni ndiyo yenye wajibu wa kuandika malipo. Yeye mwenyewe halazimiki kuweka neno lolote kwenye ukurasa.

Ukisoma kanuni hiyo na South Dakota mkononi, utaona kwamba mazingira ya 2004 yamehalalishwa neno kwa neno. Januari 2007 Tume ilikaza kidogo, ikasema neno "mshauri" au "ushauri" tupu halitoshi kama maelezo ya kusudi la malipo, lazima useme ushauri wa nini. Lile tundu la kampuni ya kati likabaki wazi.

Majimbo yana sheria zao kwa chaguzi zao, na hapo ndipo majaribio yalipoendelea. California mwaka 2013 iliamua kwamba kampeni ikimlipa mtu aandike mtandaoni, na maandishi hayasemi kuwa yamelipiwa, ripoti ya kampeni lazima iyataje. Florida ilikwenda njia nyingine kabisa: mwaka 2023 seneta wa jimbo Jason Brodeur, Mrepublican, alileta muswada wa kuwataka wanablogu wanaolipwa kuandika juu ya gavana na maofisa wa jimbo wajisajili na kutoa ripoti, faini ikiwa dola 25 kwa siku hadi 2,500 kwa ripoti. Wahafidhina wenzake ndio waliompigia kelele, na muswada ukafa. Msomaji wa Tanzania aliyepitia kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, na leseni yake ya shilingi milioni moja, ataona haraka ugomvi ulikuwa wapi: kumdai mlipaji hesabu ni jambo moja, kumdai mwandishi kibali ni jingine.

Upanga uleule, Virginia

Meneja wa kampeni ya Thune alikuwa Dick Wadhams, mtu wa Colorado, na ushindi wa 2004 ulimfanya atafutwe kila kona. Mwaka 2006 alimsimamia Seneta George Allen wa Virginia. Tarehe 11 Agosti, katika mkutano mdogo sehemu iitwayo Breaks, Allen alimwita kijana wa kampeni ya mpinzani aliyekuwa akimrekodi kwa neno "macaca", jina la jamii ya nyani linalotumika kama tusi la kibaguzi. Video ikaingia YouTube, blogu za jimbo za Wademokrati zikaing'ang'ania, gazeti la Washington Post likaibeba, na kampeni ya Allen ikatoa maelezo yaliyopishana siku hadi siku. Allen alishindwa na Jim Webb kwa kura 9,329 kati ya zaidi ya milioni 2.3.

Mfumo ni uleule hadi kwenye mishono: ushahidi usiobishaniki, blogu za jimbo zinazoulea, gazeti kubwa linaloupokea, mgombea ambaye sifa yake ya kijana wa nyumbani inageuzwa. Wadhams aliyeujua mtambo kuliko mtu yeyote upande wake alijikuta amesimama mbele yake.

Kukagua blogu leo

Anayetaka kujua kama blogu ya siasa za jimbo fulani imelipwa aanze na tovuti ya Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, sehemu ya matumizi, atafute kwa jina la mpokeaji. Kwa kampeni za bunge, malipo ya kawaida yako kwenye Jedwali B, mstari wa 17. Asiishie kwa jina la mtu. Atafute pia jina la kampuni yake, maana mwanablogu mzoefu husajili kampuni ya mtu mmoja, na anuani iliyoandikwa huwa ni ya nyumbani kwake. Aangalie ripoti ya kabla ya uchaguzi, inayofika siku 12 kabla ya kura na kufunga hesabu siku ya 20 kabla. Malipo yoyote ya siku 19 za mwisho yataonekana tu katika ripoti ya siku 30 baada ya uchaguzi. Kwa ugavana na bunge la jimbo Tume haina habari, ni ofisi ya jimbo lenyewe, South Dakota ikiwa ni ya Katibu wa Jimbo huko Pierre.

Na akichimba miaka ya nyuma, ajue kwamba wagombea wa Seneti walikuwa wakiwasilisha ripoti kwa karatasi, kwa Katibu wa Seneti, zikapigwa picha na kuchapwa upya kabla ya kutafutika kwa kompyuta. Wagombea wa urais na wa Baraza la Wawakilishi waliacha karatasi mapema. Seneti iliacha Septemba 2018. Thune, ambaye ripoti zake za 2004 zilipita njia hiyo ya karatasi, amekuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti tangu Januari 2025, cheo alichokuwa nacho Daschle hadi mwanzoni mwa 2003.